Mtu Asiyeambiwa Asante

Shemeji yangu Aimé Jacquemard ameonewa na kijiji kizima, na waliomwonea ni watu wanaompenda. Nasema mapema, maana mgeni akipita hapa kwetu akaona tunavyomkwepa anadhani mzee wa watu ameua. Hajaua. Ni mume wa dada yangu Lucette, na maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mfagia barabara wa kijiji. Kiangazi anafyeka nyasi za kando ya njia na kumwagilia maua mbele ya ofisi ya meya, majira ya baridi anaendesha trekta la kusukuma theluji sisi wengine tungali tumejifunika, na katikati ya hapo anazibua mitaro, anapaka rangi mabenchi na kuokota mavi ya mbwa wa watu wanaojiita wastaarabu. Mtu mfupi, ana masharubu ya kizamani na kizibao cha rangi ya machungwa chenye jina la kijiji mgongoni. Ukimuuliza habari anakujibu, "Ipo." Hana zaidi.

Na huyo huyo, jamani, ana uwezo wa kuutoa moto mwilini mwa mtu aliyeungua.

Sisemi kwamba naamini. Mimi Huguette napika kwenye kantini ya shule, ni mwanamke wa sufuria na kisu, mazingaombwe si fani yangu. Lakini siku mafuta ya chipsi yaliponimwagikia mkono huu wa kulia, nilitoka mbio na aproni yangu hadi kwake, njia nzima namtukana aliyetengeneza sufuria ile. Aimé akanipeleka nyuma ya kibanda cha zana. Akachungulia huku na huku kama mtu anayeiba kuku, akaweka viganja vyake juu ya mkono wangu bila kuugusa, akapuliza, akanong'ona maneno fulani, akapuliza tena. Maumivu yakaondoka. Sikusema yalipungua, nimesema yaliondoka, na ngozi ikapona bila hata alama. Nikafungua mdomo kusema lile neno ambalo kila mtoto mwenye adabu hufundishwa, yeye akaniziba kwa kiganja kinachonuka petroli.

"Shemeji, masharti unayajua," akasema. "Ukilisema, unarudi."

Unarudi nini? Moto. Huku kwetu milimani kila anayekata moto hupewa masharti na aliyemwachia kipawa. Aimé aliachiwa na Bibi Zélie, kikongwe aliyekaa nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Akiwa kijana Aimé alikuwa akienda kumfungulia njia kwenye theluji, kisha anaketi naye jikoni bila kusema kitu, na nadhani kikongwe alipenda ule ukimya. Alipokuwa anakaribia kukata roho akamwita, akampa maneno na masharti yake. Asipokee malipo. Asimwambie mtu yale maneno mpaka atakapompata wa kumrithi. Na mtu aliyepozwa asimwambie asante, la sivyo moto wake utarudi pale pale ulipokuwa.

Sasa tatizo ni kwamba Zélie alikufa kabla hajaulizwa swali. Asante ya nini? Ya kuponywa tu, au asante yoyote? Wengine walisema ni ile ya moto peke yake. Wengine wakasema hapana, neno ni neno, hata ukimshukuru kwa kukupitishia chumvi mezani utaungua. Tulibishana mpaka tukachoka, na mwisho tukaamua kama wanavyoamua waoga wote: nani ajaribu kwa ngozi yake? Basi kijiji kizima kikawa hakimwambii Aimé asante kwa kitu chochote, maana katika kila nyumba kuna angalau mmoja aliyewahi kupulizwa naye.

Ilikuwa hivi. Gari lako limetumbukia mtaroni kwenye barafu, Aimé anakuja, anafunga mnyororo, anakuvuta mpaka barabarani, mikono imekuwa myekundu kwa baridi. Unamwambia, "Haya." Unaondoka. Mjane anamaliziwa kupasuliwa kuni zake, anafunga mlango. Mtu akiona Aimé anakuja na mwenyewe ana tabia ya kuropoka, anavuka upande wa pili, asije akateleza ulimi. Mwanzoni tulikuwa tukichekeana. Baadaye tukazoea, na ukishazoea jambo baya halikukeri tena.

Lakini mwenye kuona aibu zaidi alikuwa Aimé mwenyewe. Alikionea haya kile kipawa kama mlevi anavyoionea haya chupa yake, na aibu hiyo ilizidi kwa sababu ya bintiye.

Wana mtoto mmoja tu, Coralie. Alipokuwa na miaka miwili alivuta mpini wa sufuria, maziwa yaliyokuwa yanachemka yakammwagikia shingoni na kifuani. Nilikuwepo. Sitaki kusimulia kile kilio. Lucette alikuwa anapiga mayowe dirishani, na Aimé akaja kutoka mtaroni na mabuti ya tope hadi ndani, akampokea mtoto, akampuliza. Hapo hakujificha wala hakuchungulia. Daktari alipofika kutoka mjini alimkuta mtoto amelala, ngozi ina wekundu kidogo, akatutazama kwa jicho la kutuambia kwamba tumemsumbua bure.

Tangu siku hiyo Aimé aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba mtoto wake atamwambia asante. Hebu fikiria. Mtoto ndiyo kwanza anajifunza kuongea, dunia nzima inamwimbia "sema asante, sema asante," na wewe baba yake unalikimbia neno hilo. Lucette alimfundisha amshukuru kila mtu isipokuwa baba yake. Krismasi Aimé anaweka zawadi chini ya mti kisha anatoka kwenda kutazama kama mtaro umeziba. Alimtengenezea baiskeli ya mbao kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto alipoiona akamkimbilia na uso wote umewaka furaha, na baba akaingia chooni akajifungia. Nilimwambia dada yangu, huyu mtoto atadhani hapendwi. Akasema atamweleza akikua.

Hakuelezwa. Alipokuwa na miaka kumi na sita, Jumapili moja tukiwa mezani tunakula soseji za moshi na viazi, mtu akataja mzee wa kijiji jirani anayepuliza walioungua. Coralie akacheka sana. Akasema hao ni matapeli wanaoishi kwa ujinga wa watu, na kwamba kama ndugu yake angekuwa mmoja wao, yeye Coralie angekufa kwa aibu. Mtoto wa miaka kumi na sita, unajua tena, kila kitu ni kufa kwa aibu. Nikamtazama Aimé. Alikuwa anakata kiazi chake vipande vidogo vidogo, na hakukila hata kimoja.

Wiki hiyo alipita nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, akituomba tusije tukamwambia Coralie kamwe. Alinikuta jikoni. "Shemeji, nakuomba," akasema. Tukamwahidi. Kijiji hiki hakijawahi kutunza siri nyingine yoyote, lakini ile tuliitunza.

Coralie akakua, akaenda kufanya kazi Dijon, akapata mchumba, mvulana muungwana anaitwa Bastien. Harusi ikafanyika kule kule mjini, kwenye ukumbi wenye mapazia. Baada ya chakula bibi harusi akashika kipaza sauti. Akawashukuru wakwe, akamshukuru mama yake, akanishukuru hata mimi kwa keki nyingi za utotoni, kisha akageuka upande wa meza yetu akasema, "Na sasa baba yangu." Aimé akainuka. Kiti kikaanguka nyuma yake, kila mtu akasikia. Akapita katikati ya meza, mgongo umeinama, akatoka nje, akakaa kwenye maegesho ya magari hadi sherehe ikaisha.

Coralie hakumalizia ile sentensi. Alirudisha kipaza sauti, akacheza muziki wake, akatabasamu kwenye picha zote. Lakini tangu hapo hakukanyaga tena kijijini. Alikuwa akimpigia mama yake simu, na akisikia sauti ya baba imeipokea anakata.

Dada yangu alimwomba mumewe zaidi ya mara moja amweleze mtoto ukweli. "Atanionaje?" Aimé akauliza. "Kwani sasa anakuonaje?" Lucette akamjibu. Mimi pia nilimsema, na mimi nikisema mtu anasemeka. Alinisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akaenda kuchonga penseli ya seremala kibandani. Aibu ikikaa muda mrefu ndani ya mtu inakuwa na kiti chake na kijiko chake, haiondoki kwa kuambiwa.

Kisha akafika umri wa kustaafu. Meya wetu Ghislain akasema lazima ifanyike sherehe, na Lucette akampigia simu Coralie akalia mpaka binti akakubali kuja. Aje na mumewe na wakwe zake pia, maana wakwe walikuwa wameomba kuona milima. Asubuhi ya siku hiyo Aimé alimwambia dada yangu, akiwa anafunga tai: "Akiondoka leo na hasira, hatarudi tena." Alikuwa amevaa koti lile lile la harusini.

Sasa nije kwenye aibu yetu sisi. Kabla ya sherehe tulikutana jikoni kwangu kuamua: je, mtu anaweza kumshukuru Aimé hadharani kwa kazi ya barabara? Firmin, mtengeneza jibini, ambaye aliwahi kumwagikiwa miguuni na maji ya moto ya jibini, akasema yeye miguu yake anaihitaji. Ghislain mwenyewe rejeta ya trekta ilimlipukia usoni msimu wa vuli uliopita, na leo uso wake ni laini kuliko wangu. Akasema atatoa hotuba, lakini lile neno atalipiga chenga. Mtu akauliza kuhusu makofi. Firmin akasema makofi ni asante ya mikono. Tukakubaliana pasiwe na makofi. Mimi nilikuwa pale, nikakubali, tena nikawamiminia kahawa.

Ukumbi wa kijiji ulijaa. Jibini ilikuwepo, soseji zilikuwepo, mvinyo wa njano ulikuwepo. Coralie aliingia amevaa gauni la buluu na skafu nyembamba shingoni, akambusu mama yake, akanibusu mimi, akampa baba yake shavu kama unavyompa karani kitambulisho. Wakwe zake wakaketi mbele, watu wasafi, wanatazama kila kitu kwa upole ule wa wageni. Ghislain akapanda jukwaani.

Nimesikia hotuba nyingi mbovu lakini ile ilishinda. "Aimé alifagia," akasema meya. "Alifagia barabara zetu. Theluji ilikuwepo, na baada ya Aimé kupita haikuwepo." Akafuta jasho. Akasema kwamba mabenchi yana rangi, na rangi hiyo haikujipaka. Akasema kijiji kimeona. Kijiji kimeona mambo mengi. Mara moja akajisahau akaanza, "Kwa hiyo tunapenda kumwambia Aimé..." akasimama, uso ukamwiva, akamalizia, "...kwamba leo ni Jumamosi." Kisha vijana wawili wakaleta zawadi, kiti cha bustani chenye matakia ya kijani, wakakiweka sakafuni karibu naye bila kumkabidhi mkononi, wakaondoka haraka. Ghislain akashuka jukwaani. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote tulikuwa tunatazama glasi zetu, na Aimé alikuwa ameketi mikono magotini, amezoea.

Coralie akasimama. Aliinuka polepole, na nilipoiona ile taya yake nikasema moyoni, yametimia.

"Hivi nyinyi ni watu wa namna gani?" akauliza. Hakupaza sauti. "Utotoni niliamka kila siku ya theluji nikisikia trekta la baba linaondoka. Anarudi masharubu yameganda, hawezi hata kufungua vifungo, mama anamfungulia. Alikuwa anawafungulia nyinyi njia. Wewe Firmin, maziwa yako yangepitaje? Na leo mnamwambia kwamba ni Jumamosi."

Firmin akatazama viatu vyake. Mkwe wa Coralie, yule baba, akatikisa kichwa kumuunga mkono.

"Tusijifanye," Coralie akaendelea. "Mimi ndiye niliyemwonea aibu kuliko nyinyi nyote. Nilipokuwa shule nilikuwa navuka barabara nikikiona kile kizibao, marafiki zangu wasijue ni baba yangu. Na yeye hakuniita hata siku moja. Alikuwa ananiona navuka, anageuza uso, anafagia kwingine ili nisipate tabu." Akasukuma kiti chake nyuma. "Mimi na baba hatuelewani, mnajua. Hilo ni letu. Lakini kama kijiji kizima hakina mwenye kinywa, basi nitasema mimi."

Aimé alikuwa amekwisha kuinuka nusu, mkono mbele. "Coralie," akasema. "Usiseme."

"Safari hii hutoki, baba." Akahama akasimama kati yake na mlango. "Asante. Kwa theluji, kwa baiskeli, kwa kila kitu. Asante, baba."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mimi, sitaficha, niliushika mkono wangu wa kulia. Ghislain alijigusa uso. Lakini Aimé hakututazama sisi. Alimrukia binti yake, meza ikayumba, glasi zikadondoka, akamshika mabega akamkalisha kwenye kile kiti cha matakia ya kijani, akaivuta skafu shingoni mpaka ikachanika. Nikamsikia yule baba mkwe akimuuliza mkewe kama huyu mzee amelewa. Bastien akainuka aje, dada yangu Lucette akamshika mkono akamkalisha chini.

Kisha Aimé akainama, akaweka viganja vyake juu ya shingo ya binti yake bila kuigusa, akapuliza. Mbele ya watu wote, mchana, taa zimewaka. Mtu aliyeninyoshea mkono nyuma ya kibanda kwa hofu ya kuonwa na paka, sasa ananong'ona yale maneno kwa sauti ambayo meza ya kwanza iliisikia. Nami niliyasikia, na sitayarudia.

"Inauma wapi?" akauliza. "Niambie, mama. Inauma wapi?"

"Baba, unafanya nini?"

"Ulimwagikiwa na maziwa ya moto, una miaka miwili. Niliukata moto mimi." Alikuwa anapuliza na kusema, anapuliza na kusema, na machozi yanamwingia kwenye masharubu. "Mimi ni mmoja wa wale matapeli uliowacheka. Mtu niliyempoza akiniambia neno hilo, moto unamrudia. Wote hawa wananyamaza kwa ajili hiyo, usiwagombeze. Na kule harusini nilitoka nisije nikakusikia. Ulikuwa umevaa lile gauni. Sikutaka uungue umevaa lile gauni."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, na sijamsikia tena. Coralie akageuza macho akatuangalia. Akaona Ghislain ameshika shavu, Firmin ameshika paja, mimi nimeshika mkono, mama wa watoto wawili amewakumbatia wote kifuani. Akatuelewa. Niliona wekundu unampanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na haukuwa wa moto. Ilikuwa haya, ya kila alichosema na kila alichowahi kusema, pamoja na ile Jumapili ya soseji.

Hapo ndipo baba mkwe alipocheka. Hakuwa na nia mbaya, kilimponyoka tu puani, kicheko kidogo cha mtu aliyeshindwa kujizuia. Katika ule ukimya kikasikika hadi nyuma.

Aimé akaacha kupuliza. Akaitazama ile shingo vizuri, kwa utulivu, kama anavyotazama watu wote waliomjia. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale nami nikaiona. Ngozi ilikuwa safi. Hakukuwa na lengelenge, hakukuwa na alama, hakukuwa na kitu. Neno lilikuwa limesemwa mara mbili, tena na damu yake mwenyewe, na moto haukuja.

Naomba unielewe jinsi nilivyojisikia. Miaka yote ile! Njia zote zile alizotufungulia, kuni, minyororo, usiku aliotoka kitandani kwa ajili ya watoto wa watu, na sisi tunamwambia "haya" na kufunga milango, na ingewezekana kabisa kusema. Ingewezekana tangu mwanzo. Aibu ilinivaa mwili mzima nikatamani sakafu ipasuke. Lakini yangu haikuwa kitu. Nilimtazama Aimé, naye alikuwa anafikiria hayo hayo, ila yeye alikuwa anafikiria baiskeli ya mbao, na kujifungia chooni, na maegesho ya magari. Mikono yake ikashuka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani," akamwambia binti yake kwa sauti ndogo sana. "Samahani, mama. Hakuna kitu." Akageuka kutafuta mlango.

Coralie akamdaka mkono wa koti.

"Inauma, baba," akasema.

Akalisema kwa sauti, lisikike. Akanyanyua kidevu, akavuta gauni kidogo pembeni, akaonyesha kwa kidole. "Hapa. Na hapa. Inachoma."

Nyuma yangu watu wakaguna. Firmin akafanya ishara ya msalaba. Baba mkwe akaacha kutabasamu, akaweka glasi mezani. Na mimi niliyeiona ngozi ile nikafunga mdomo wangu, mimi ambaye sifungi mdomo kwa mtu.

Aimé akamtazama. Ameangalia walioungua maisha yake yote, hadanganyiki mtu yule, anajua anayeungua anavyokaza meno na anavyopumua. Alimtazama usoni muda mrefu, na binti hakupepesa macho. Kisha akarudi, akapiga goti mbele ya kile kiti, akaweka viganja vyake tena, akapuliza polepole bila haraka, maneno yote tangu mwanzo hadi mwisho.

"Imepoa?" akauliza.

"Imepoa."

Coralie akafungua mdomo, akaufunga. Aimé alibaki pale pale na goti lake sakafuni, akangoja aone kama atalisema lile neno, na hakuondoka.